Maghala ya Mji wa Kale Yatiwe Watu

Apitaye njia za kushukia Bandari ya Kale, Mombasa, huyaona maghala yaliyokuwa yakiwekwa shehena za majahazi: tende, chumvi na papa wakavu. Meli kubwa zilipohamia Kilindini, mengine yalibakia na popo. Na kila yanapotajwa, shauri la kwanza ni lile lile: yabomolewe, pajengwe ghorofa za saruji.

Sisi hatulikubali shauri hilo. Vijana wetu wakioa hukosa chumba Mji wa Kale, wakahamia Kisauni au Likoni, na huku kuta za matumbawe zimesimama bure. Kuta hizo, zenye unene wa kama nusu mita, hazilipitishi upesi joto la mchana. Aliyelala chini ya dari la zege mwezi wa Machi hahitaji maelezo zaidi.

Kazi yenyewe mafundi wetu waijua. Kwa kuwa boriti za mikoko hazifai kulazwa juu ya chumba chenye upana uzidio kama mita 3, ghala pana litakatwa kwa kuta za ndani, na hapo vyumba vimekwisha kupatikana. Lililobaki ni mwanga na hewa, maana ghala halikujengewa binadamu. Paa lifunguliwe katikati, upatikane ua wa ndani, ule uitwao kiwanda huko Lamu. Upepo uingie, na wenye nyumba wasitirike na macho ya njiani.

Ila jambo moja twalionya kwa nguvu: kuta hizo zisipakwe saruji. Matumbawe hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji huyafungia ndani, na haipiti miaka mingi lipu hubambuka na ukuta ukamung'unyika. Wako waliolipa mara mbili kwa kosa hilo.

Hatusemi kwamba chokaa na boriti ni vitu vya bure. Tanuri hula kuni nyingi, na mikoko ilikatwa mno hata Serikali ikakataza kuiuza ng'ambo mwaka 1982, na mwaka 2018 ikasimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma. Kwa hivyo boriti nzima za dari la zamani zisigeuzwe kuni, zirudishwe kazini.

Wenye maghala, na hasa wasimamizi wa wakfu na warithi ambao hawajagawana, twawaomba wamwite fundi wa chokaa alitazame jengo kabla hawajamwita mnunuzi.