Tuliomcheka Jogoo

Siku mwalimu wa kilimo alipotaja uhimilishaji wa kuku, yaani kumtilia mtetea mbegu za jogoo kwa mrija, darasa zima liliangua kicheko. Wa viti vya nyuma wakawika. Nami nilicheka, sisemi uongo. Mwalimu akafunga daftari, akahamia kwenye mboji. Basi somo likatupita hivyo hivyo, na leo nataka kulirudisha.

Nyanya yangu kule Kilifi alikuwa na jogoo wa kuchi, mrefu, kifua mbele kama askari wa gwaride. Majirani walikuwa wakija kumwazima. Kisha kideri kikaingia kijijini, na kwa siku chache tu boma likabaki manyoya. Damu yote ya jogoo yule ilikuwa katika ua mmoja. Ilikwisha hapo.

Mtu ataniuliza, ati si mngalizihifadhi hizo mbegu? Hapo ndipo penye kazi. Jogoo hutoa nusu mililita hivi, pengine chini yake. Ukiziacha vivi hivi, ndani ya saa moja zinaanza kulegea. Ukizizimua kwa maji maalumu na kuzipoza hadi nyuzi 5 hivi, waweza kuzitumia kwa muda wa saa 24. Sababu ni mafuta. Utando wa mbegu ya kuku umejaa mafuta laini mno, na oksijeni huyachachisha kama samli iliyoachwa wazi. Utando ukichacha, mbegu haiogelei tena. Na ajabu ni kwamba mbegu hizo hizo zahitaji hewa: za bata mzinga hutikiswa polepole zikihifadhiwa, ili ziipate. Kinachoziweka hai ndicho kinachoziua!

Antioksidanti ndizo zinazoingia kati. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta yenyewe na kuzuia kuchacha kusienee. Vitamini C na madini ya seleniamu nayo husaidia. Zaweza kutiwa katika maji ya kuzimulia au kupitia chakula cha jogoo, na majani mabichi yana vitamini E. Lakini jamani, tusije tukamimina tu! Zikizidi kipimo hudhuru.

Rafiki yangu mmoja asema haya ni mambo ya wenye mashamba makubwa. Sisi tuazimane majogoo, yaishe. Sikubaliani naye hata kidogo. Jogoo anayetembezwa ndani ya gunia kutoka boma hadi boma hubeba na magonjwa. Tena mtetea ana vijifuko mwilini vya kuweka mbegu, akitiliwa mara moja kwa wiki yatosha. Kama mbegu za yule kuchi zingalipelekwa mapema, akiwa mzima, kwenye maboma kumi yaliyo mbalimbali, kideri kingalikuta nini cha kumaliza?

Ng'ombe tumewashughulikia: kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka wa 1946. Na nani ajuaye kwamba mwaka wa 1949, kule Uingereza, Polge, Smith na Parkes walipogundua kuwa gliserini huziwezesha mbegu kustahimili kugandishwa, walikuwa wakishughulika na mbegu za jogoo? Fahali walifaidika baadaye. Jogoo mwenyewe akaachwa nyuma, kwa kuwa gliserini hiyo hiyo ikibaki humzuia mtetea kutaga mayai yenye mbegu.

Sasa ombi langu. Maabara yetu ina darubini, na shamba la shule lina majogoo wawili wanaokula masalio ya jikoni. Chama cha Kilimo kiombe ruhusa, na daktari wa mifugo atuonyeshe namna ya kuzikamua mbegu bila kumuumiza ndege. Mmoja alishwe majani mabichi kila siku, mwingine aendelee kama kawaida, kisha tuhesabu mbegu zinazoogelea baada ya saa 6, 12 na 24. Darubini nitaiosha mimi. Atakayetaka kuwika na awike nje.