Barua kutoka ughaibuni: Utafiti wa sekondari na mlango wa chuo cha uhandisi

Vyuo vya uhandisi vya Marekani havimdai mwanafunzi wa sekondari utafiti ndipo vimpokee. MIT, kinachotajwa kuliko vyote katika mazungumzo ya wazazi, kina sehemu ya kuambatisha kazi ya utafiti, lakini sehemu hiyo ni ya hiari. Hata hivyo uvumi umeshafika Dar es Salaam na Nairobi kwamba bila makala iliyochapishwa mtoto hana nafasi, na zipo familia zinazopiga hesabu za kulipia programu za mtandaoni zinazotoza maelfu ya dola.

Kinachotazamwa kwanza ni hisabati na fizikia. Kila anayesoma MIT, hata aliyekwenda kusomea uchumi, hupita mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia. Ndiyo maana mwaka 2022 chuo hicho kilirudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT, kililolisimamisha wakati wa korona. Utafiti wenyewe hufundishwa hukohuko chuoni: UROP, mpango wa MIT wa kuwaingiza maabara wanafunzi wa shahada ya kwanza, ulianza 1969.

Utafiti wa sekondari huwa na uzito pale tu swali lilipokuwa la mwanafunzi mwenyewe. Mfano bora uko nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, ambako yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, yaliyoingia bila kuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Sababu ya jambo hilo wanasayansi wanabishania mpaka leo. Hapakuwa na programu ya kulipia. Palikuwa na friji, maziwa, na kijana aliyeamini macho yake kisha akarudia jaribio.

Kazi ya namna hiyo hujieleza yenyewe. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, humpa mwombaji nafasi 10 za shughuli, na maelezo ya kila moja hayavuki herufi 150. Anayejua alipima nini, alikosea wapi na akabadilisha nini, herufi hizo humtosha. Aliyenunua kichwa cha makala hubaki na maneno makubwa, na akiulizwa swali la pili hana jibu. Fomu hiyohiyo hupokea pia majukumu ya nyumbani: kulea wadogo au kushika duka la familia ni shughuli halali, na inasikitisha kuona watoto wengi wa Afrika Mashariki wakiiacha bila kuiandika.

Wanaotaka utafiti kwa dhati wana njia zisizoumiza mfuko. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania na Young Scientists Kenya hupokea miradi ya wanafunzi wa sekondari. Hata RSI, mpango wa kiangazi unaofanyika MIT na wenye ushindani mkali, hautozi ada ya masomo. Hilo pekee lingetosha kumfanya mzazi asite mbele ya tangazo la kuuziwa nafasi ya utafiti.

Kwa anayebaki nyumbani, jambo hili halimgusi. Tanzania huangalia ufaulu wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi na hisabati. Kenya hupanga wanafunzi vyuoni kupitia KUCCPS, chombo cha kugawa nafasi hizo, kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Mzazi mwenye mtoto anayefungua redio ili aone ndani, basi, amnunulie kwanza kitabu cha hisabati na daftari la kuandikia vipimo. Fedha za programu ya mtandaoni zibaki kwa ada ya mtihani na nauli.