Kikopo kimfuate mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wananchi wenzangu, hasa wa Bukoba na Muleba, juu ya kikohozi.

Wakati wa korona tulisikia wenzetu wa ng'ambo wanajipima nyumbani. Mwaka 2022 Serikali ya Marekani iliwapelekea wananchi wake vipimo bure kwa posta: mtu anapitisha kijiti puani, na baada ya dakika kama 15 anapata jibu. Hapa kwetu sheria ilirekebishwa mwaka 2019, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe virusi vya UKIMWI. Je, kifua kikuu?

Kipimo cha nyumbani cha kutoa jibu la kifua kikuu bado hatunacho. Lakini nusu ya kazi hufanyika nyumbani, nayo ni makohozi ya asubuhi. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi hupewa kikopo. Alfajiri, kabla hajala, asukutue kinywa kwa maji, atoke nje penye hewa, avute pumzi, kisha akohoe kutoka kifuani. Mate hayafai. Afunge kifuniko barabara na kukipeleka kikopo siku hiyo hiyo. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi.

Taabu iko njiani. Kwa mvuvi wa Bumbire, Goziba au Ikuza, zahanati ya karibu isipokuwa na mashine hiyo, kikopo lazima kivuke ziwa. Ziwa likichafuka, haendi mtu. Na siku ya safari ni siku ya kukosa riziki. Ndiyo maana wengi hununua dawa ya kikohozi dukani na kurudi kulala kambini, watu sita chumba kimoja.

Jirani yangu alifanya hivyo miezi mitatu. Nyumbani walimtengea kikombe na sahani, lakini dirisha la chumba walilifunga. Ugonjwa huu hupita katika hewa, hauko katika sahani. Alipopimwa, mtoto wake naye alikuwa ameshaambukizwa.

Napendekeza halmashauri zetu ziwape vikopo wahudumu wa afya wa vijiji na kambi zote za wavuvi, na boti zibebe sanduku la vikopo lenye barafu. Sangara anavuka ziwa hadi kiwandani bila kuharibika. Makohozi ya mvuvi yatashindwaje? Jibu lirudi kwa simu.

Nasi wananchi tutimize wajibu wetu. Dawa ni bure, nazo kwa kawaida hunywewa miezi sita bila kukatiza. Na ukiambiwa huna ugonjwa lakini kikohozi kingalipo, rudi kituoni.

Nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu mwaka 1977, na mataifa mengine yakajifunza kwetu. Leo tusishindwe na kikopo. Wahusika walitazame jambo hili.

Msomaji wako,
Muleba, Kagera.