Seli Tuliyochorewa Shuleni Haipo

Wasee, mnakumbuka ile seli ya kitabu cha baiolojia? Duara safi, kiini katikati, vitu vitatu vinne vinaelea, kwingine kote ni peupe. Niliichora vizuri mpaka nikapewa maksi zote. Kumbe nilikuwa nachora kitu hakipo.

Seli yenyewe imejaa. Protini na molekuli zingine kubwa zinachukua kama asilimia 20 hadi 30 ya nafasi iliyo ndani. Hiyo si dimbwi la maji, hiyo ni steji ya matatu saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha.

Na humo humo kuna nyuzi ndefu, polima kama RNA, ambazo lazima zipite kwenye vitundu vidogo ajabu. Uzi ukiwa huru unajikunja vile unataka. Ukifika kwa kitundu lazima unyooke, uache huo uhuru wote. Ndiyo maana unasita.

Wengi wakisikia msongamano wanasema basi, uzi utachelewa. Hapo ndipo tunakosea. Fikiria mlango wa matatu. Umati ukiwa nyuma yako, unajipata ndani hata kama hukuwa unapanda. Umati ukiwa ndani, unabaki kuning'inia mlangoni. Polima ni hivyo hivyo: msongamano ukizidi inakotoka, inasukumwa, ukizidi inakoenda, inazuiwa. Ukiwa sawa pande zote, mara nyingi inajikokota tu. Tofauti ni kwamba molekuli hazina haraka ya kufika nyumbani. Zinagongana ovyo, na upande wenye nafasi ndio unashinda.

Mwaka 1996 watafiti huko Marekani walionyesha kwamba umeme unaweza kuvuta uzi wa DNA au RNA upite kwenye kitundu cha protini chenye upana wa kama nanomita 1.5. Karatasi moja ina unene wa karibu nanomita 100,000, sasa piga hesabu. Wazo hilo likazaa mashine za kusoma jeni zinazotosha mfukoni, na hapa kwetu Kilifi zilitumika kufuatilia virusi vya korona. Ndani ya mashine, uzi unapita kwenye maji ya chumvi yasiyo na umati. Kwa mashine, sawa. Lakini ukitaka kuelewa seli, hayo maji matupu yatakudanganya.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikataa. Haya yote nimeyajua baadaye, kwa simu, na data za shilingi 20. Inaniuma, kwa sababu darasani nilidhani mimi ndiye mjinga, kumbe picha ndiyo ilikuwa pungufu.

Walimu, wachoreeni watoto seli iliyojaa. Haitapendeza, na kuipa maksi itakuwa kazi, lakini itakuwa kweli. Na siku utaona uzi umekwama, usilaumu uzi kwanza. Uliza ni upande gani umejaa.