Mvueni mama hiyo pete



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga mjini, tunashika mikono ya wanawake kutwa nzima, kwa hiyo pete tunaziona. Ipo ya ndoa, ipo ya urembo, na ipo ile ambayo ukiigusa mama anaifunika haraka kwa khanga. Hiyo kavishwa. Kaambiwa akiivua atapofuka, au kitindamimba wake hataamka. Na aliyemvisha ni wa humo humo ndani: mwanawe, shemeji, mkwe. Kila akitaka kitu anaitaja. Uza ng'ombe, la sivyo pete. Weka dole gumba kwenye karatasi ya shamba, la sivyo pete.

Huo ni wizi. Anatajwa jini, lakini anayekula hela ya ng'ombe ni binadamu.

Dada wa visiwani atauliza, kwa nini mama mtu mzima asiitupe chooni? Kwa sababu nyuma ya kitisho hicho kipo kingine: ataitwa mchawi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi, kosa lao macho mekundu. Macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni zilikuwa adimu. Na mara nyingi, ukichimba sana, unakuta palikuwa na ugomvi wa shamba. Mama anayeogopa huku si mjinga.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamtia hatiani anayetishia mtu kwa uchawi, na anayempa mwenzake kifaa chake pia. Januari 2015, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Chikawe alipiga marufuku wapiga ramli, na Machi wakakamatwa zaidi ya 200. Lakini kesi ya mama na mwanawe inaitwa mambo ya familia. Mjumbe anaambiwa, mjumbe anaguna, basi.

Na wenye kanzu wanaouza pete "zilizosomewa" tusiwapitie mbali. Sihri tunaiamini ipo, lakini Surat al-Baqara, aya ya 102, imetufundisha kuwa haimdhuru mtu ila Allah akitaka. Imamu Ahmad amepokea kwa Imran bin Husayn kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu kavaa duara la shaba mkononi kama kinga, akamwamuru alivue. Leo linauzwa kwa jina la dini!

Nawe bi harusi unayeulizia pete ya kumtuliza mume au kumfunga mdomo mama mkwe, unanunua bidhaa ile ile. Kesho mwanao atakuvisha wewe.

Mama akikubali kuivua, asiwe peke yake. Kaeni naye, asome Ayatul Kursi, alale kwa dada yake siku chache, na kwenye dawati la jinsia polisi aende na mtu. Kidole kikiwa kimevimba, jaribuni sabuni. Ikigoma, zungusheni uzi wa kushonea kidoleni, ivuteni taratibu. Ikigoma tena, sonara aikate. Pesa ya sonara tutatoa sisi.