Kufuli la Maktaba na Saa Zetu Mbili



Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la tatu aliniuliza, "Mama, vile vitabu vya skuli ni vya nani?" Nikamwambia ni vyenu. Akasema, "Basi mbona vimefungiwa?" Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kuuliza. Chumba kipo, rafu zipo, vitabu vya hadithi vimejaa vumbi. Mwalimu hana ubaya. Darasa lake limefurika, madaftari ya kusahihisha yanamngoja, na kitabu kikipotea anaulizwa yeye. Kufuli ndiyo kinga yake. Lakini mtoto hajifunzi kusoma kwa kuchungulia dirishani.

Kwa maoni yangu, kinachokosekana pale si vitabu, ni mikono, na mikono tunayo sisi kina mama. Kazi yenyewe haitaki cheti: kupiga muhuri, kubandika karatasi ya rangi mgongoni mwa kitabu ili wadogo wajue kilicho chepesi, kuandika daftarini jina, darasa, kitabu na siku ya kurejesha. Kilichochanika kinashonwa. Mtoto asiyejua kuchagua anasomewa kurasa mbili.

Yuko atakayesema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, mkutubi wa kulipwa ni haki ya skuli, na tuendelee kumdai. Lakini siku tutakayompata, mwanangu hatarudi darasa la tatu.

Wala tusijione wageni katika kazi hii. Baada ya Sayyidna Umar kufariki, kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zilitunzwa na binti yake, Bibi Hafsa, Allah awe radhi nao. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu, aliziazima kwake, kisha akamrejeshea.

Ila tuwe wakweli. Tukienda mara mbili kisha tukapotea msimu wa harusi, kufuli litarudi, na safari hiyo mwalimu atakuwa na haki. Bora wanawake watano, kila mmoja na siku yake, kuliko ishirini wa kupiga picha.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, mnapopanga mambo ya nyumba na mchumba wako mbele ya wazee, litaje na hili: saa mbili kwa wiki ni za skuli. Likisemwa kabla ya ndoa ni makubaliano. Likisemwa baada, linakuwa ombi.

Mimi nimechukua Jumatano. Nani anachukua Alhamisi?