Mbeba chupa naye ana siku yake

Najua nimepotea humu karibu wiki tatu. Mambo ya testi na kusubiri bumu, mnayajua wenyewe. Leo sina umbea wa kantini. Nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, ila nitaanzia mbali kidogo, kwenye mbio za baiskeli za Ulaya. Vumilieni.

Ugonjwa huu nimeambukizwa na mwenzangu wa chumba. Mimi nilidhani baiskeli ni kila mtu na miguu yake. Kumbe wapi! Kwenye Tour de France timu ina watu 8, na mara nyingi saba kati yao wako pale kumsaidia mmoja. Wafaransa wanamwita msaidizi huyo domestique, yaani mtumishi wa ndani. Hausiboi kabisa! Anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya jezi, halafu anakimbiza kuwafikia wenzake awagawie. Kiongozi akipata pancha, anaweza kumpa gurudumu lake, au baiskeli nzima, yeye akabaki kando ya barabara. Na muda wote anakaa mbele akikata upepo. Kama umewahi kuendesha baiskeli nyuma ya lori, unajua raha ya kukatiwa upepo.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, alipitia hayo. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Wakipanda La Toussuire, akachomoka, redio ikamwambia subiri, bosi yuko nyuma. Akasubiri! Wiggins akachukua ubingwa, Froome wa pili. Lakini 2013 Froome alipewa uongozi wa timu na akashinda Tour, kisha tena 2015, 2016 na 2017.

Wangu mimi lakini ni Sepp Kuss, Mmarekani wa Colorado aliyepita chuo kikuu kama sisi. Mwaka 2023 alimaliza mbio zote tatu kubwa. Kwenye Giro d'Italia alimvuta Primož Roglič milimani, Roglič akashinda. Kwenye Tour akamvuta Jonas Vingegaard, naye akashinda. Wakaja Vuelta ya Hispania wote watatu, timu moja, na safari hii jezi nyekundu ya uongozi ikamwangukia mbeba chupa.

Sasa sikieni. Hatua ya 17, mlima Angliru, ambao kuna mahali mwinuko unazidi asilimia 20. Roglič na Vingegaard wakaondoka zao, wakamwacha Kuss nyuma akiwa na jezi mgongoni! Aliyekuwa naye hadi juu ni Mikel Landa, mtu wa timu nyingine. Uongozi ukabaki kwa sekunde 8 tu. Mashabiki wakachachamaa dunia nzima. Kuanzia kesho yake timu ikakaa upande wa Kuss, na Madrid akaingia bingwa kwa sekunde 17 mbele ya Vingegaard.

Kuna wanaosema: si ndiyo kazi yake, si analipwa? Kweli analipwa. Na kwa desturi bingwa wa Tour huwaachia wenzake fedha za zawadi. Pia sisemi kila mtu awe kiongozi, timu ya namna hiyo haifiki popote. Ninachosema ni kwamba hela ni kitu kimoja na jina ni kitu kingine. Mbeba chupa hawezi kujidai jina lake mwenyewe, ataonekana mchoyo. Anayepaswa kulitaja ni yule aliyekatiwa upepo, na asingoje watu wapige kelele. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haya, Alhamisi. Kazi ya kundi, tuko sita. Kuna dada mmoja kwenye kundi letu ndiye aliyezunguka na madodoso juani, akachapa, akachora majedwali hadi saa nane usiku. Mimi nina mdomo, nikapewa kusimama mbele. Nikamwaga maneno, darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema, "Kijana, umefanya kazi nzuri sana." Nikajibu, "Asante." Basi! Dada wa watu amekaa kiti cha nyuma na flashi yake mkononi, akatabasamu tu. Hilo tabasamu ndilo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo Jumatatu naenda ofisini kwa mwalimu kumweleza kazi ile ni ya nani. Na prezentesheni ijayo anasimama yeye, mimi nitabeba projekta.

Nyie wenzangu je, nani amewakatia upepo muhula huu, na mmemtaja?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bumu likitoka.